Usiisugue kwa Ndimu: Maoni Kuhusu Utafutaji wa Vitu vya Metali katika Ardhi ya Kilimanjaro

Kila mwaka ifikapo katikati ya mwezi wa Desemba, barabara itokayo Dar es Salaam hujaa magari ya Wachagga warudio nyumbani. Hurudi na mizigo, na katika mizigo hiyo aghalabu hutoka jambo jipya. Miaka miwili iliyopita jamaa yangu mmoja aishiye ng'ambo aliwaletea wanawe zawadi ambayo kijijini kwetu, Old Moshi, sisi wengine hatukuwa tumeiona ila katika picha: fimbo ndefu yenye duara mfano wa sahani upande mmoja, na kisanduku cha betri upande wa pili. Hicho ni chombo cha kutambulia metali zilizofukiwa. Vijana wa machimboni hukiita ditekta. Kwa muda wa siku nne baba, mama na watoto watatu walizunguka kihambani chini ya migomba, mmoja akipitisha sahani, mwingine akitega sikio, na mdogo wao akichimba kwa kijembe. Sijapata kuona watoto wa mjini wakilipenda shamba la babu yao kiasi kile.

Siku ya tano niliitwa nikaone. Juu ya sinia vilipangwa vizibo vya soda visivyo na idadi, vipande vya bati, misumari, kijiko, senti kumi mbili zenye tundu za enzi ya Waingereza, ncha ya mkuki, na risasi moja nene ya bunduki. Vyote vilikuwa viking'aa. Usiku kucha vilikuwa vimelazwa katika bakuli la maji ya ndimu na chumvi, kama tusafishavyo vyombo vya shaba kabla ya harusi, na asubuhi vikasuguliwa kwa waya wa sufuria.

"Baba mdogo, tumevisafisha vyote!" mtoto aliniambia kwa fahari.

Niliuliza risasi ile ilitoka sehemu gani ya kihamba. Walitazamana. Mmoja akasema karibu na mfongo, mwingine akasema nyuma ya zizi. Hakuna aliyekuwa na hakika.

Naandika makala haya kwa ajili ya walimu na wanafunzi kwa sababu naamini kwamba vyombo vya namna hii vitaendelea kuja, maadam bei yake yapungua na jamaa zetu walioko ng'ambo ni wengi. Wapo wenzangu wasemao vipigwe marufuku mara moja. Mimi sikubaliani nao, lakini sikubaliani pia na wale wasemao kuwa kihamba ni changu na nichimbacho ni changu. Hoja yangu ni kwamba kitu cha kale kilichomo ardhini kina thamani mbili: mahali kilipolala na ngozi kiliyoivaa kwa miaka yote ya kulala kwake. Familia ile, kwa nia njema kabisa, ilizipoteza zote mbili kwa siku tano. Kosa hilo nalijua vizuri, kwa kuwa nililitenda kabla yao.

Nilikuwa kidato cha pili. Tulikuwa tukichimba mashimo ya mibuni, nami nikaokota kisahani cha metali kilichofunikwa na gamba la kijani iliyoiva. Chini ya gamba lile zilionekana alama za taji na tarakimu. Kwa kutaka kuzisoma vizuri zaidi nilikisugua kwa ndimu na majivu, kisha kwa mchanga wa mtoni, hata kikawa chekundu kama waya mpya wa umeme. Taji likatoweka, na tarakimu pia. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikisoma Uingereza kwa ajili ya shahada ya uzamivu, nilionyeshwa sarafu za heller za Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambazo 100 zilifanya rupia moja tangu mwaka 1904, nikatambua kwamba nilichokuwa nacho kilikuwa heller moja. Ya mwaka gani, sitajua kamwe. Ninacho bado, ni kisahani kitupu.

Tuanze na chombo chenyewe, kwani mwalimu wa fizikia aweza kukitumia kwa faida kuliko masomo mengi ya ubaoni. Ndani ya ile sahani mna koili ya waya. Umeme hupitishwa katika koili hiyo ukibadili mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa hiyo uga wa sumaku unaotokea hubadilika vilevile. Uga unaobadilika ukikuta metali huzalisha ndani yake mikondo midogo ya umeme, kwa kanuni ile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Mikondo hiyo nayo hutoa uga wake mdogo, na chombo huuhisi na kupiga mlio. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alijaribu chombo cha kanuni hii mwaka 1881 ili kuitafuta risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani. Hakufaulu, na miongoni mwa sababu zitajwazo ni kwamba kitanda cha mgonjwa kilikuwa na springi za chuma.

Hapa kwetu kitanda cha namna hiyo ni mlima wenyewe. Udongo wa Kilimanjaro umetokana na miamba ya volkano iliyojaa chembe za magnetaiti, ambayo ni oksidi ya chuma ivutwayo na sumaku. Mwanafunzi asiyeamini na aifunge sumaku katika karatasi, aipitishe kwenye mchanga mkavu wa mto Rau au Karanga, aone jinsi nywele nyeusi zitakavyoota juu yake. Mchanga mweusi wa aina hiyo ndio waliouyeyusha wahunzi wa Ugweno, watu wa ukoo wa Washana, ambao chuma chao kilipanda hadi Uchaggani kikawa majembe na mikuki. Chombo cha kisasa hakijui tofauti kati ya hekima ile na usumbufu: kwake mchanga huo ni kelele tupu. Ndiyo sababu watoto wale walilalamika kuwa mashine "inalia kila mahali". Isiposawazishwa kwanza na udongo wa mahali inapotumika, mtu huchimba mashimo ishirini bila kuona kitu, na kihamba huharibika bure. Hata ikisawazishwa, sarafu ndogo huhisiwa kwa kina kama cha shubiri moja tu. Wanaotangaza vyombo vionavyo dhahabu mita kumi chini ya ardhi wauza matumaini.

Sasa nirudi kwenye ile risasi, kwa kuwa ndiyo iliyoninyima usingizi.

Tarehe 10 Juni 1892 kikosi cha Wajerumani chini ya Albrecht von Bülow kilipanda kuja kumpiga Mangi Meli wa Moshi, yaani hapa tupaitapo leo Old Moshi. Kilishindwa. Von Bülow mwenyewe akafa kutokana na mapambano hayo, na Wajerumani wakauacha mlima kwa muda. Mwezi Agosti 1893 walirudi na jeshi kubwa zaidi chini ya Friedrich von Schele, wakashinda. Na tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli akanyongwa pamoja na viongozi wengine. Haya tunayajua. Lakini namna vita vya 1892 vilivyokwenda, nani alisimama wapi nyuma ya mgomba gani, na nani alirudi nyuma kwanza, maelezo yaliyoandikwa siku zile ni ya upande mmoja. Upande wa pili ulisimuliwa kwa mdomo, na wasomi wengi wa zamani hawakuyathamini masimulizi ya mdomo kama walivyoithamini karatasi.

Upo mfano mmoja kutoka Marekani ambao kila mwalimu wa historia Kilimanjaro angefaa kuujua. Mwezi Juni 1876, katika bonde la Little Bighorn huko Montana, wapiganaji wa Lakota, Cheyenne na wenzao waliwaangamiza askari zaidi ya 200 waliokuwa na Jemadari George Custer. Kwa karibu miaka mia moja Wamarekani wengi walikisimulia kisa hicho kama ushujaa wa askari waliosimama imara hadi mtu wa mwisho. Masimulizi ya wenyeji walioshinda yalikuwapo, ila hayakupewa uzito. Mwaka 1983 moto uliteketeza nyasi za uwanja ule. Katika miaka ya 1984 na 1985 wanaakiolojia Richard Fox na Douglas Scott walipita humo pamoja na watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa ni watu wa burudani hii hii, wenye vyombo vyao vya kutambulia metali. Kila kilipolia waliweka kibendera. Hakuna kilichoinuliwa kabla mahali pake hapajapimwa na kuandikwa. Kisha alama za pini juu ya maganda ya risasi zilichunguzwa kwa hadubini, ikawezekana kusema kwamba bunduki hii moja ilifyatuliwa hapa, halafu pale, halafu kule. Mwenendo wa watu waliokufa zaidi ya karne moja nyuma ukaonekana juu ya ramani, na kwa sehemu kubwa ulikubaliana na maneno ya wazee wa Cheyenne na Lakota: ile safu imara haikudumu, askari walivunjika na kutawanyika.

Walioleta ushahidi huo walitumia mashine kama ile ya jamaa yangu. Kilichowatofautisha nasi ni vibendera na daftari.

Risasi tuliyoiona juu ya sinia ilikuwa nene, ya unene wa milimita 11 hivi nilipoipima. Askari wa Kijerumani wa miaka ile walibeba bunduki aina ya Mauser ya 1871, ambayo risasi yake ni ya unene huo. Je, ni ya Juni 1892? Yaweza kuwa. Yaweza pia kuwa ya 1893, kwa kuwa silaha ni ile ile. Au ya vita vya 1914 hadi 1918, kwani askari wengi walikuwa bado na bunduki hizo. Au ya mwindaji fulani. Kama tungejua ilipolala, kina chake, na vilivyolala karibu nayo, tungeweza kubahatisha kwa akili. Tulipoikosa sehemu, tumebaki na kipande cha madini ya risasi, na uzito wake hauwezi kutuambia neno.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tunayo hata hadithi yetu wenyewe ya jambo hili. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile. Akazitia koponi, na kwa bahati akatia alama ya X katika ramani. Mwaka 1979 zilipochunguzwa ilibainika kuwa nne ni za Kiholanzi na tano ni za shaba kutoka Kilwa, za karne nyingi nyuma. Namna zilivyofika huko hubishaniwa hadi leo. Lakini ubishi huo waweza kufanywa kwa sababu mtu mmoja, asiye mtaalamu wa kitu chochote cha kale, alichukua penseli.

Nimesema pia juu ya ngozi. Hapa mwalimu wa kemia atanisaidia.

Shaba ikikaa ardhini huungana polepole na oksijeni, maji na gesi ya kaboni dioksidi, ikavaa tabaka la oksidi jekundu na juu yake kaboneti ya kijani. Wengi hudhani tabaka hilo ni uchafu uliokaa juu ya sarafu. Sivyo. Tabaka hilo limetokana na sarafu yenyewe. Ni uso wake uliogeuka. Herufi na tarakimu zilizokuwa juu ya shaba sasa zimo ndani ya lile tabaka. Asidi ya ndimu hulila tabaka lote, na pamoja nalo maandishi. Kinachobaki chini, kile chekundu kizuri kiwafurahishacho watoto, ni nyama isiyo na sura.

Kuongeza chumvi ni kulitia jambo moto. Chumvi ni kloridi, na kloridi ikishaingia katika vitobo vya shaba hufanya kazi ya mchwa: hewa ikiwa na unyevu, huzaa asidi kidogo, asidi hula shaba, kloridi hurudi ilivyokuwa na kuanza upya. Baada ya miezi michache hutokea madoadoa ya unga wa kijani hafifu, na siku moja sarafu hupukutika. Sarafu za pwani, za Kilwa na Bagamoyo, huubeba ugonjwa huu kutoka ardhini kwa sababu ya chumvi ya bahari. Sisi wa mlimani twautengeneza jikoni.

Chuma nacho kina hila yake. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, hivyo ncha ya mkuki hufura na umbo lake la asili hubaki limefichwa katikati ya matabaka ya kutu. Msasa au brashi ya waya hupita umbo hilo bila kuliona. Wataalamu huondoa kutu kwa uangalifu chini ya hadubini, mara nyingi baada ya kupiga picha ya eksrei, na hukitoa kloridi chuma chao kwa kukiloweka kwa majuma au miezi katika maji yenye alkali. Nimewasikia watu wakipendekeza magadi ya sokoni kwa kazi hiyo, kwa hoja kwamba magadi ni kaboneti ya sodiamu. Ni kweli yamo, lakini magadi ya Ziwa Natron huja na chumvi ndani yake, yaani adui yule yule tumfukuzaye. Kwa darasa hapa pana jaribio zuri: misumari mipya mitatu, mmoja katika maji ya mvua, wa pili katika kaboneti safi ya maabara, wa tatu katika magadi ya jikoni. Wanafunzi na waandike wanachoona kila siku kwa mwezi mmoja. Majaribio yote na yafanywe juu ya misumari ya dukani, kamwe si juu ya mkuki wa babu.

Na ile risasi? Hilo ndilo lililonifanya nipaze sauti siku ile. Madini ya risasi ni sumu, na asidi ya ndimu huyayeyusha. Bakuli lililotumika lilikuwa la kachumbari. Nililiomba lisitumike tena kwa chakula, na wifi yangu hakufurahi.

Basi mtoto aliyeokota kitu afanye nini? Kidogo sana. Akiache kikauke kivulini, apanguse udongo uliolegea kwa brashi laini au kijiti cha mbao, akitie katika bahasha ya karatasi iliyoandikwa, kisha katika kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vijavyo ndani ya viatu vipya. Anawe mikono. Shauku ya kutaka king'ae ataishinda, kama mimi nilivyopaswa kuishinda.

Yapo mahali ambapo mashine isipite kabisa. Kihamba cha Mchagga si shamba tu. Wazee wamezikwa humo, na zamani mafuvu yao yalihifadhiwa chini ya migomba penye masale. Huko hakutafutwi kitu, hata kwa idhini ya mwenye nyumba peke yake. Na mahali palipopiganiwa mwezi Machi 1916, kuanzia Latema na Reata karibu na Taveta hadi Kahe, ardhi yaweza kuwa bado na makombora yasiyolipuka. Kombora la zaidi ya miaka mia si salama kuliko la jana. Asiguse mtu, aitwe polisi.

Sheria nayo yataka kusemwa wazi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, yataka kibali kwa yeyote atafutaye au achimbaye vitu vya kale. Lakini kale iliyolindwa moja kwa moja na sheria hiyo, ukiacha vitu vya aina chache, huishia mwaka 1863. Risasi ya Mangi Meli ni changa mno kwa sheria yetu, isipokuwa Waziri akiitangaza. Kwa maoni yangu mwaka huo umepitwa na wakati, na wabunge wetu wangefaa kuusogeza mbele, hata kufikia mwisho wa vita vya 1918. Uingereza walipitisha sheria mpya ya hazina mwaka 1996, na tangu 1997 wameweka maofisa wa kuandikisha vitu vinavyookotwa na raia. Vilivyoandikishwa vimepita milioni moja. Niliwaona Jumamosi baba na watoto wakitoka mashambani na matope magotini, wakipeleka vipakiti vyao kuandikishwa. Si wote waaminifu, na wezi wa usiku wako kule pia. Lakini daftari lipo.

Siwezi kuacha bila kuwataja wachimba hazina, kwani wao ndio watakaoinunua mashine hii kwa wingi. Kila mkoa una mzee ajuaye mti ambapo Wajerumani walifukia dhahabu. Kwa Moshi nitoe hesabu moja tu. Sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye tembo na mlima, zilipigwa Tabora mwaka 1916, zipatazo 16,000, kwa dhahabu ya Sekenke. Moshi ilikwisha kutwaliwa na majeshi ya Jan Smuts tarehe 13 Machi mwaka huo, kabla sarafu hizo hazijaanza kupigwa. Mjerumani aliyekimbia Moshi hakuwa nazo mfukoni, wala hakuzifukia chini ya mkuyu wako.

Desemba iliyopita watoto wale walirudi. Walikuta nimewanunulia daftari la mistari na futi ya kamba. Tulikubaliana kwamba kila kilio kiwekewe kijiti, hatua zihesabiwe kutoka kwenye mpaka wa masale na kutoka kwenye mfongo, kina kipimwe kwa rula, picha ipigwe kwa simu kabla kitu hakijainuliwa, na bibi yao aulizwe kila asubuhi ni wapi pa kutopita. Bibi aliwaonyesha zaidi ya mahali pa kutopita: aliwaonyesha palipokuwa nyumba ya baba mkwe wake, jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua. Sitaandika hapa ni wapi, kwa kuwa majarida husomwa na watu wa kila aina. Kurasa mbili za daftari zimejaa. Ipo risasi ya pili, ya unene ule ule, kina cha sentimita 14, hatua 31 kutoka mfongoni, ingali katika udongo wake mwekundu ndani ya bahasha. Nimeandika barua Idara ya Mambo ya Kale kuuliza tufanye nini nayo. Ukurasa wa tatu wote ni vizibo vya soda, navyo vimepimwa kwa uangalifu ule ule.